Upawa Uitwao Mwinyijuma

Shule ya Kambi ya Mkonge,
Maramba.
9 Januari 1956

Kwa Mzee Mwinyijuma, Kigombe.

Mzee wangu, shikamoo.

Hunijui, nami sijui hata kama upo. Naandika kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba asiyojua ina watu au haina. Naitwa Tadeo, mwalimu wa watoto wa kambi hapa Maramba. Kwetu ni Songea. Nilifika mwezi wa kumi mwaka jana.

Siku ile niliyofika, sijafungua hata sanduku, mama mmoja alisimama mlangoni akaniwekea kizingitini upawa mpya wa kifuu. Akasema, "Mwinyijuma wako huu, Mwalimu." Nikadhani amenifananisha na mtu. Nikamjibu, "Mimi siye, mama, naitwa Tadeo." Mstari mzima wa nyumba ukaangua kicheko.

Mzee, hapa kambini upawa hauitwi upawa. Unaitwa mwinyijuma. "Nipe mwinyijuma nipakue maharage." "Nani kaniazima mwinyijuma hajarudisha?" Na kila mgeni anayefika, awe Mngoni, awe Mbena, awe Muha, hupewa mmoja siku hiyo hiyo. Kisha jirani anauchukua ule ule, anachota chakula kwenye chungu chake mwenyewe na kumpakulia mgeni. Ndipo mtu anahesabiwa amefika. Mnyapara hakuamuru jambo hili, wala padri hakulifundisha. Nimewauliza sababu, wanainua mabega.

Mjane mmoja tu, Mama Praxeda, ameniambia kwamba yeye na wenzake walikuja na desturi hii walipohamishwa kutoka shamba la mkonge la huko Kigombe, mwaka wa arobaini na saba. Anasema Mwinyijuma alikuwa mtu, tena wa hapo hapo.

Je, ni wewe? Kama ni wewe, kwa nini upawa?

Wako katika udadisi,
Tadeo


Kigombe
27 Januari 1956

Mwalimu Tadeo,

Marahaba. Nipo! Nani kakwambia sipo?

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumtafuta karani. Herufi nilijifunza kwenye magunia ya chokaa nikiyaandika majina ya wanunuzi, ndiyo maana zangu ni kubwa, na kila mstari mmoja lazima mkono upumzike. Ukiona doa ni jasho, usidhani ni chai.

Mwinyijuma ni mimi. Yuko mwingine Tongoni, lakini yule hata mbuzi wake hawamjui. Mimi ni mchoma chokaa. Nenda Tanga mjini, fika Usagara, kila ukuta mweupe ukiuona simama uulize umetoka wapi. Mawe ya matumbawe nayapanga mwenyewe juu ya magogo, duara kama mkate wa sinia, nawasha kwa vifuu, na hakuna mtu ninayemruhusu kugusa vifuu vyangu wala kunionyesha upepo unakotoka. Siku hizi watu wanasema saruji, saruji. Saruji ni ya watu wenye haraka.

Ama huo upawa, ndiyo, ni mimi. Nilichonga kwa mikono yangu hii. Wakati wa vita vya Hitla watu wa kambi walikuwa wakipita hapa na njaa zao, wanakoroga chungu kwa kijiti, nikawaonea huruma. Nikachonga mmoja, nikachonga wa pili, mpaka zikawaenea wote. Jina likaenda lenyewe.

Barua yako imenifika siku njema sana. Nina ugomvi na msikiti. Birika letu la kutawadhia limepasuka, wazee wanatawadha kwa makopo, na Ramadhani ni mwezi wa nne. Chokaa ya kulipiga lipu ninayo mimi, na ninaitoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Ila nimeweka sharti dogo tu, jina langu liandikwe ukutani, la kusomeka toka mlangoni. Idarusi, msimamizi wa msikiti, anasema nyumba ya Mungu haiandikwi jina la mtu. Nami nikamwambia chokaa ya mtu haitoki bila jina la mtu. Tuko hapo.

Basi Ijumaa baada ya sala nilisimama barazani nikawasomea barua yako. Mara mbili! Idarusi alikuwa akitazama makubadhi yake kama leo ndiyo kayaona.

Sasa niandikie nyingine, nzuri zaidi. Useme ni watu wangapi wanaonitaja kwa siku. Utie na muhuri. Mimi na mke wangu Saleha Mungu hakutujaalia mtoto, Mwalimu. Mwenye watoto anaweza kunyamaza. Mimi nikinyamaza, nimekwisha.

Ni mimi,
Mwinyijuma bin Shehe
mchoma chokaa, hakuna mwingine


Maramba
14 Februari 1956

Mzee Mwinyijuma, shikamoo.

Nilipoifungua barua yako niliruka kama mtoto. Kumbe upo! Muhuri sina, tulio nao ni wa kugongea vitabu vya shule. Lakini nimepita nyumba kwa nyumba nikihesabu, na kambi hii ina mwinyijuma mia mbili na kumi na mbili.

Nimemsomea Mama Praxeda barua yako tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akipepeta mahindi. Alisikiliza, akatabasamu, akaendelea kupepeta. Kisha akanituma nikuulize mambo mawili, nami nakuletea kama alivyoyasema.

La kwanza. Kila upawa hapa una mikato mitatu kwenye mpini, karibu na kifuu. Mtu akisahau kuikata, mwenzake hapokei, anasema huo si mwinyijuma. Mikato hiyo maana yake nini?

La pili, anauliza kama bado unachonga kwa mkono wa kushoto.

Na ombi ni langu mimi. Tafadhali tuletee upawa mmoja uliouchonga wewe mwenyewe, tuutundike shuleni. Watoto wamenisumbua. Wanataka kujua wa kwanza ulifananaje.

Tadeo


Kigombe
4 Machi 1956

Mwalimu Tadeo,

Marahaba. Mia mbili na kumi na mbili! Nimemwandikia Idarusi hesabu hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa nyumba yangu, upande anaopita kwenda sokoni.

Mikato mitatu ni ya ukoo. Mmoja wangu, mmoja wa baba yangu Shehe, mmoja wa babu. Waambie watoto waandike. Mkono natumia yote miwili, fundi hachagui mkono.

Upawa utakuja, nina kazi nyingi tu. Chokaa imeshaiva, imelala shimoni chini ya makuti, nyeupe mpaka inaumiza macho. Idarusi alileta watu na ndoo. Nikaketi juu ya mfuniko. Wakarudi na ndoo zao tupu, ati watanunua saruji. Wanunue tuone.

Mwinyijuma bin Shehe


Kigombe, dukani
5 Machi 1956

Mwanangu Mwalimu Tadeo,

Pokea salamu zangu mimi Saleha, mke wa Mwinyijuma. Mkono ni wa Chiku, mke wa mwenye duka. Maneno ni yangu, labda aongeze yake, maana namjua. (Siongezi. Ni mimi Chiku.)

Mzee wangu hasomi barua kimyakimya. Akisoma yako, nyumba nzima inasikia mpaka kuku. Kwa hiyo najua mlichoandikiana, na jana amekujibu kuhusu mikato. Sasa nisikilize, kisha uichane hii.

Pawa zile nilichonga mimi. Mwaka ule wa njaa wanawake wa kambi walikuwa wakija kisimani kwetu, wanapika kando hapo hapo. Chungu kimoja, watu kumi, kijiti kimoja. Uji ukiiva wenye mikono migumu wanawahi, watoto wanangoja upoe, na ukipoa umekwisha. Walikuwa na chakula, kidogo lakini kipo. Kilichokosekana ni cha kumpakulia mwingine. Mzee alikuwa na chungu nzima ya vifuu vya kuwashia tanuri, na amri yake ni kwamba asiguse mtu. Nikagusa. Nilichonga akiwa tanurini, kwa mkono wangu wa kushoto. Ndio wenye nguvu, ila mbele za watu nauficha, marehemu mama alinichapa sana kwa ajili yake. Wakiniuliza ni vya nani, nasema ni vya Mwinyijuma. Sikusema uongo, vifuu vilikuwa vyake. Na nilijiambia, akinikamata nitamwambia nimemtolea sadaka kwa jina lake.

Mikato mitatu haina ukoo. Upawa wa kwanza kisu kiliniteleza, nikakata mpini. Nikaongeza miwili kando yake ionekane ni urembo. Basi wote wakataka ya namna hiyo.

Usimwambie, mwanangu. Tangu barua yako ya kwanza ije, anaamka akiimba. Anazeeka na hofu moja tu, kwamba akishafukiwa watu watapita juu yake kama njia. Mwachie hilo jina. Mimi silihitaji, nina kazi.

Huyo Praxeda, kama ndiye yule mwembamba aliyekuwa na mimba, alijifungua nini?

Chiku anasema sambusa zake zinaungua.

Saleha binti Uweso


Maramba
19 Machi 1956

Mama Saleha, shikamoo.

Natuma kwa Chiku kama ulivyotuma. Barua yako nimeichana, ingawa niliisoma mara nne kwanza.

Praxeda alijifungua mtoto wa kiume, Ernesti. Sasa ni mrefu kuliko mlango wa nyumba yao. Nilipomwambia kwamba umeuliza, aliweka ungo chini. Kumbe alikuwa anajua siku zote. Anasema wanawake wote wa kambi ya Kigombe walijua, na walikubaliana wasimtaje mama aliyetoa, ili asipigwe marufuku nyumbani kwake. Wakabaki na jina la mzee, na waliokuja baada yao hawakujua jingine.

Nitanyamaza. Mzee sikumjibu habari ya mikato. Nimemwandikia kadi fupi tu, kumkumbusha upawa wa shule. Nisamehe kama hapo nimekosea, lakini watoto wanauliza kila asubuhi.

Tadeo


Kigombe
9 Aprili 1956

Mwalimu Tadeo,

Marahaba, ingawa wewe ni mtu hatari. Kadi yako ina mistari miwili na imenivunjia nyumba.

Nikasema upawa ni kitu gani! Mtu aliyechoma chokaa miaka hamsini ashindwe na kifuu? Nikakaa uani na kisu. Nimeharibu vifuu kumi na kimoja. Kinapasuka pale pale unapokipendea. Cha kumi na mbili kikanikata kidole gumba.

Saleha alikuwa anachagua mchele. Alipoona damu akasimama. Akasema, "Lete hapa, utabaki na viganja vitupu." Akashika kisu kwa mkono wa kushoto. Mwalimu, nimekaa na mwanamke huyu miaka arobaini na miwili na sikujua kwamba ana shoto! Akakwangua, akatoboa matundu mawili, akapitisha mpini, akakata mikato mitatu bila kutazama. Yote hayo kabla sijamaliza kufunga kidole.

Nikamwuliza, "Hiyo mikato kakufundisha nani?"

Akasema, "Mchele wangu unaungua."

Mchele uko kwenye ungo!

Siku mbili sikusema naye. Yeye akapika kama kawaida, akaniwekea. Siku ya tatu nikala, nikamwambia, "Haya, sema." Akasema yote. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia wakati ule. Akanijibu, "Wakati ule ungenikataza. Siku hizi ungejisifu." Sasa mtu kama huyu utamfanya nini?

Kuna jambo sikukuandikia. Vifuu vile vilipopungua nilimtuhumu jirani yangu, mzee wa Kibondei aliyekuwa mtema kuni. Miaka kumi na mitatu sikuitika salamu yake. Nimekwenda kwake. Alikuwa anakula, akanikaribisha, nikala. Sikuweza kusema vizuri, nikasema vibaya, akaelewa.

Kisha Ijumaa, msikitini. Kwenda pale ndiko kulikokuwa kugumu, maana niliwasomea barua zako zote. Nikasimama mahali pale pale nikawaambia, "Barua niliyowasomea ni ya kweli. Msomaji ndiye muongo. Pawa zilichongwa na Saleha, tena kwa vifuu alivyonificha mimi, maana nilikuwa bahili." Idarusi akasema, "Basi ukutani tuandike jina la nani?" Sijui alinikejeli au aliuliza kweli. Nikamwambia, "Usiandike la mtu. Leteni ndoo."

Lipu nimepiga mwenyewe, na kidole kimefungwa kitambaa. Limeisha jana, Ramadhani ni wiki hii. Pwani nzima hakuna birika lililonyooka kama lile, njoo na kamba upime. Hilo nalisema na sitaacha kulisema.

Sasa nakuamuru. Kuanzia leo upawa uitwe saleha. Watangazie kambi nzima.

Mwinyijuma


Maramba
30 Aprili 1956

Mzee Mwinyijuma, shikamoo, na Mama Saleha, shikamoo.

Nimetangaza. Nimetangaza shuleni, na Jumapili nje ya kanisa. Watu walisikiliza habari yenu yote bila kukohoa, na wanawake wawili walilia. Nilipofika kwenye jina, mama mmoja akasema, "Tumesikia, Mwalimu. Hebu nipe mwinyijuma wangu nikapike." Wameshazoea, Mzee. Sina fimbo ya kuwageuza ndimi. Ila sasa kila mtu anajua ni mkono wa nani, na wasichana wa darasa la pili wanagombania kuchonga kwa kushoto.

Upawa wa Mama umefika, umetundikwa.

Lakini nina habari isiyo nzuri. Huku juu minazi ni michache. Vifuu tulikuwa tunavipata kwa muuza nazi aliyekuwa akija na basi, naye amehama. Wiki tatu zilizopita ilifika familia kutoka Njombe, mume na mke na mtoto wao mwenye homa. Hapakuwa na mwinyijuma mpya wa kuwapa. Jirani aliwapakulia kwa kopo la tumbaku, na yule mama akala amegeuka ukutani, hajazungumza na mtu mpaka leo. Praxeda anasema hajawahi kuona mgeni akapokewa hivyo, na anaogopa watu watazoea kopo.

Tadeo


Kigombe
22 Mei 1956

Mwalimu Tadeo,

Marahaba. Idi imepita, njia imekauka kidogo, basi linakwenda. Nimempa kondakta gunia, na nimemwambia likipotea nitamfuata mpaka kwao.

Ndani mna pawa arobaini. Thelathini na nane ni zangu, mbili za Saleha. Za Saleha utazijua, ndizo nzuri. Nilichonga mwezi wote wa Ramadhani, kila baada ya sala ya alasiri, na yeye ameketi pembeni ananikemea. "Usikaze. Si jiwe hilo." Sijawahi kufundishwa kitu na mtu aliye hai, na wallahi sikupenda. Lakini nilikuandikia kwamba nilichonga kwa mikono yangu, na sasa ni kweli.

Chini ya gunia kuna vifuu vitupu, vya kutosha watu wa huko kujifunzia. Yule jirani yangu mtema kuni amenisaidia kuvikusanya. Idarusi ameleta vya nyumbani kwake bila kuombwa, nikavipokea, ingawa vyake ni vyembamba. Tanuri nitaliwasha kwa makuti. Yanatoa moshi mbaya, nitavumilia, na kila likijaa gunia tutaleta.

Jina liacheni kama mlivyolizoea. Nilimwambia Saleha mmekataa lake. Akasema afadhali, hapendi kushikwashikwa.

Sasa kuna jambo linanisumbua, nami sina pa kuuliza ila kwako. Huyo mama wa Njombe mpe upawa wa kwanza, umpe leo hii ukipokea gunia, hata kama amekwisha kula. Kisha uniandikie, mtoto wake amepona ile homa? Anaitwa nani? Na kwao Njombe kukoje, kuna baridi kama wanavyosema, watu hupika nini? Saleha ananiuliza kila siku nami sina la kumjibu.

Mwinyijuma bin Shehe